Maji usiyamwage: pasta ya jodari wa mkebe kwa sufuria moja

Chujio lirudishe ukutani, leo halina kazi. Pasta hii inaanza na kumalizikia ndani ya sufuria moja, na maji utakayoyatia mwanzo ndiyo yatakayokuwa mchuzi mwisho. Ufundi wote uko hapo. Jodari, nyanya na thomu kila mtu anaweza kuvikusanya. Kinachowashinda wengi ni kipimo cha maji. Wakizidisha wanapata uji, wakipunguza wanapata ukoko, na wakiogopa yote mawili wanarudia njia ya kuchemsha kwa maji mengi kisha kumwaga. Wanachokimwaga pale ni wanga uliotoka kwenye pasta, yaani kile kile kinachoufanya mchuzi ushike.

Mimi nakaa Maweni, hapa Malindi. Nashona na kuuza madera, na duka silifungi kabla ya magharibi. Nyumbani nina mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye kichomeo kimoja juu yake, watoto wana njaa, na mama mkwe amekaa anasubiri aone leo naleta nini. Sufuria mbili nitazipanga wapi? Pasta ya kuchemshwa pembeni na mchuzi pembeni ni ya mwenye meko mawili.

Napika hiki zaidi miezi ya kusi. Upepo ukikaza, Juni na Julai, mashua ndogo nyingi hazitoki, na samaki anayefika sokoni bei yake unaiuliza mara mbili ukidhani hukusikia vizuri. Jioni ina manyunyu na ile baridi yetu ambayo watu wa bara wanaicheka. Hapo mkebe wa jodari unafunguliwa bila kuona haya.

Na pasta Malindi haina ugeni. Waitaliano tunao tangu miaka ya 1960, walipokuja na mradi wa San Marco kule Ngomeni, wakirusha roketi kutoka kwenye jukwaa lililosimama baharini. Hata setilaiti iliyopewa jina Uhuru iliruka kutoka pale, tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya. Roketi zilikoma mwaka 1988, wenyewe wakabaki, na pasta ikabaki madukani. Muulize yeyote aliyewahi kupika kwenye nyumba za kule Casuarina, atakwambia kanuni zao: lita moja ya maji kwa kila gramu 100 za pasta, ichujwe ikiwa bado ina kiini kidogo, na jibini halitiwi kwenye samaki. Hilo la jibini nakubaliana nao. Hilo la maji, wao wana mtu wa kuwaoshea vyombo.

Kwa watu wanne au watano, tafuta pasta gramu 400, mikebe miwili ya jodari, ile ya kawaida ya gramu 170 hivi, kitunguu maji kimoja kikubwa, thomu punje nne, nyanya nne zilizoiva hasa, na kijiko kimoja cha nyanya ya mkebe kuongeza rangi, pilipili hoho nusu, nazi moja, pilipili mbuzi moja nzima, pilipili manga, ndimu, kishada cha dania, chumvi. Bizari na pilau masala viache kabatini. Najua mkono utakuwasha, lakini jodari wa mkebe ana ladha yake, na ukimtia viungo vya pilau utakula pilau isiyo na wali.

Pasta fupi ndiyo nyepesi kwa njia hii, makaroni au ile iliyojisokota, kwa sababu inalala yote ndani ya maji kwa wakati mmoja. Spageti nazo zinakubali, ila zivunje katikati, na usifanye hivyo mbele ya Mwitaliano. Kabla ya kulipa, geuza pakiti usome. Ikiandikwa durum, hiyo ni ngano ngumu, inavumilia kuchemka na kukorogwa. Zile za bei ya chini kabisa mara nyingi ni unga wa ngano laini. Zinaiva upesi na zinavunjika upesi. Sisemi usizinunue, mimi mwenyewe mwisho wa mwezi nazinunua, ila maji uyapunguze kidogo na usiondoke jikoni.

Jodari mchague wa vipande, usimchukue yule aliyesagika. Aliyesagika ni wa kupaka kwenye mkate; akiingia kwenye mchuzi anapotea, unabaki na harufu ya samaki bila samaki. Mimi napendelea aliye kwenye mafuta, kwa sababu mafuta yale yameshakaa na samaki na ndiyo nitakayokaangia kitunguu. Ukipata wa maji ya chumvi, yamwage, maana chumvi yake itakuharibia hesabu. Na mkebe uliovimba usiubembeleze. Hata ukiwa ndio mmoja uliobaki ndani ya nyumba, tupa.

Sasa nazi. Ikune, kisha kamua tui la kwanza kwa nusu kikombe tu cha maji ya uvuguvugu, lipite kwenye kifumbu, liweke kando. Hilo ndilo tui zito, utalitia mwisho. Machicha yale yale yatilie maji ya uvuguvugu tena, ukamue kwa nguvu, urudie mpaka upate lita moja kamili ya tui jepesi. Lita moja ni vikombe vinne vya robo lita; pima, usikadirie kwa macho. Pasta itapikwa na tui hili jepesi badala ya maji. Halina mafuta mengi, kwa hiyo halisumbui likichemka, na pasta inalinywa huku inaiva, utamu unaingia mpaka ndani. Ukimimina tui lote mwisho, kama wengi wanavyofanya, litaishia juu juu.

Kama unatumia tui la pakiti, nusu kikombe liweke kando kama lilivyo, na vijiko vitano au sita vyake vikoroge kwenye lita moja ya maji. Inafaa. Haifikii nazi ya kukuna, lakini saa moja usiku nani ataanza kutafuta mbuzi ya nazi.

Neno moja kuhusu chumvi kabla hatujawasha jiko. Kwenye pasta ya kuchujwa unaweza kutia chumvi kwa ukarimu kwa sababu nyingi inamwagwa na maji. Hapa hakuna kinachotoka. Kila punje unayotia utaila, na maji yanavyopungua ndivyo ladha ya chumvi inavyopanda. Kijiko kimoja cha chai, cha kufuta, kinatosha kuanzia. Tena wengi wetu hapa tunachota maji ya kisima, na visima vilivyo karibu na bahari vingi vina uchumvichumvi. Onja maji yako kwanza. Yakiwa na ladha, anza na nusu kijiko, au usitie kabisa mpaka mwisho.

Chemsha pia maji kidogo uyaweke kwenye chupa ya chai, karibu na mkono. Nitakueleza kazi yake.

Teleka sufuria nzito. Zile nyembamba za bati zinaunguza katikati, mahali moto unapogusa, huku pembeni pasta bado mbichi. Iwe pana pia, sio ndefu. Mimina mafuta ya mikebe yote miwili, yakiwa machache ongeza ya kupikia, utie kitunguu kilichokatwa vidogo na chumvi ya kubana kwa vidole. Moto wa wastani. Kitunguu hiki kisikauke na kuwa kama cha pilau. Kinatakiwa kilainike, king'are, kianze tu kugeuka rangi pembeni. Ni kama dakika saba au nane, na hizo usizifupishe, maana hapa hakuna viungo vya kufunika kitunguu kibichi. Kisha hoho, kisha thomu iliyopondwa. Thomu ikianza kunukia, kabla haijageuka rangi, tia nyanya.

Nyanya mimi nazikwaruza kwenye kikwaruzo, ganda linabaki mkononi nalitupa. Tia na kile kijiko cha nyanya ya mkebe, na pilipili manga ya kutosha. Ziache zipikike mpaka mafuta yatengane na kuelea juu. Ukiona bado zina povu na maji, bado ni mbichi, na ukali wake utakatisha tui. Hatua hii ndiyo watu wanaipitia mbio kuliko zote, kisha wanalaumu nazi.

Mimina lita yako ya tui jepesi, chumvi, na pilipili mbuzi nzima na kikonyo chake. Usiikate, inaogelea tu na kutoa harufu. Ikipasuka kwa bahati mbaya, itoe haraka kama kuna watoto. Funika mpaka ichemke kweli kweli, ndipo utie pasta.

Dakika mbili za kwanza usiuache mwiko. Pasta ikiingia kwenye maji ya moto, wanga wa juu unalainika na kuwa gundi, na kama hazijatenganishwa hapo zinashikana vipande vipande na kushika chini. Koroga ukikwangua chini ya sufuria, pole pole, zunguka pembeni, rudi katikati. Baada ya hapo wanga unasambaa kwenye mchuzi na kazi inapungua: moto ushushe uwe wa kuchemka kwa utulivu, kifuniko kikae nusu wazi, na ukoroge kila baada ya dakika moja au mbili. Una nafasi ya kukata dania na kumtuma mtoto kuosha sahani. Nafasi ya kwenda kuoga huna.

Pakiti ikisema dakika 10, wewe hesabu 12 hivi, kwa sababu maji ni machache na yana nyanya na tui, hayapikii kwa kasi ya maji matupu. Ikifika dakika ya tisa anza kuangalia mambo mawili kwa pamoja, pasta na mchuzi. Chukua moja, iume. Kama katikati bado kuna doa jeupe na mchuzi umeshakuwa mzito, ndipo chupa ya chai inapofanya kazi: ongeza maji ya moto, robo kikombe kwa mara moja, koroga, subiri. Yasiwe ya baridi. Maji baridi yanakata mchemko, na pasta inayokaa ndani ya maji yasiyochemka inajaa na kulegea nje kabla ya ndani kuiva. Kama ni kinyume chake, pasta imeiva na mchuzi bado mwepesi, ondoa kifuniko kabisa, pandisha moto, koroga kwa nguvu dakika moja. Kukoroga huko ndiko kunakotoa wanga na kuufunga mchuzi.

Namna ya kujua umefika: pitisha mwiko katikati ya sufuria mpaka uone chini. Njia ikijifunga papo hapo, bado kuna maji. Isipojifunga kabisa, umechelewa, ongeza maji ya moto. Ikijifunga taratibu, mchuzi ukitambaa kutoka pande zote mbili mpaka ukutane, zima jiko. Utaiona imelowa kuliko unavyotaka kula. Iache hivyo hivyo, kwa sababu itaendelea kunywa.

Jiko limezimwa, na sasa ndipo jodari anaingia. Samaki huyu hahitaji kupikwa. Kiwandani hupikwa kabla ya kutiwa mkebeni, kisha mkebe wenyewe ukapitishwa kwenye moto mkali ukiwa umezibwa. Ukimtia mwanzo pamoja na nyanya, kama nilivyoona kwa watu wengi, akachemka robo saa nzima, anageuka nyuzi kavu na mchuzi unanuka mkebe. Mtie vipande vipande, mwagia lile tui zito juu yake, kisha geuza kwa mwiko kutoka chini kuja juu mara tatu au nne, basi. Joto lililobaki linatosha kumpasha. Tui zito nalo linapenda hivyo hivyo, maana likichemshwa kwa fujo linakatika, unaona mafuta huku na maji kule.

Funika, dakika tano. Baada ya hapo kamulia ndimu, nusu kwanza, uonje. Ndimu inakuja ya mwisho kwa sababu ile ile, ukali na tui la moto havipatani. Nyunyiza dania. Chumvi unaisahihisha sasa, sio kabla.

Kwetu kila mtu ana namna yake ya kula. Watoto wanataka kijiko. Mume wangu anataka achari ya embe pembeni. Jirani yetu Msomali anakula na ndizi mbivu, anaimenya na kuikata juu ya sahani, na nimegundua kwamba ndizi ile na pilipili mbuzi vinaelewana sana. Mama mkwe, ambaye kwake kisicho wali si chakula, huomba kidogo cha kuonja, kisha anaomba kidogo tena, na mimi siulizi kitu.

Kaskazi ikiingia bahari ikatulia, jodari mbichi anapatikana, na hapo mkebe hauna sababu. Mkate vipande vya ukubwa wa kuumwa mara moja, mpake chumvi, thomu na ndimu, umkaange upesi kwenye mafuta ya moto mpaka nje abadilike rangi, umtoe. Endelea na kitunguu ndani ya sufuria ile ile, na samaki umrudishe mwisho kama wa mkebe. Ila jodari mbichi umnunue kwa macho makali. Akikaa juani bila barafu anajenga sumu ambayo haiondoki kwa kupikwa, hata umchemshe saa nzima. Huenda hata asinuke. Ukitia kipande mdomoni ulimi ukawasha na hujatia pilipili, tema, wala usimpe mtu mwingine. Wanaomla hupata joto usoni, vipele vya kuwasha na kichwa kugonga. Mnunue alfajiri kwa mtu mwenye barafu, au usimnunue.

Wa jiko la makaa wanaweza kupika hiki pia, ila makaa hayashuki ukiyaambia. Nyanya zipike moto ukiwa mkali, na pasta ikishachemka toa makaa kadhaa kwa koleo uyaweke kando, ukoroge mara nyingi zaidi. Ukiona chini kumeanza kushika, usikwangue kwa hasira, maana utachanganya kuungua na chakula chote. Epua, hamishia ya juu kwenye sufuria nyingine, ongeza maji ya moto, uendelee. Ndiyo, itakuwa sufuria mbili. Hutafungwa.

Nazi ikikwisha au bei ikikukatisha tamaa, lita moja ya maji matupu inapika vizuri, na mwisho tia nusu kikombe cha maziwa au siagi kijiko kimoja. Mchicha uliokatwa mwembamba unaingia dakika mbili kabla ya kuzima. Njegere zilizochemshwa zinaingia na jodari. Viazi sitii, pasta na viazi ndani ya sahani moja ni kumlaza mtu kabla ya isha.

Kikibaki, kisilale mezani. Chakula cha nazi katika joto letu kinachacha kabla ya alfajiri, na chenye samaki ndio zaidi. Kikipoa tu kitie kwenye bakuli lenye kifuniko na kwenye friji, na kama ulifungua mkebe wa jodari ukabakiza, mhamishe naye kwenye bakuli, asikae ndani ya mkebe uliofunguliwa. Kesho yake pasta utaikuta imeunywa mchuzi wote na kushikana. Weka kwenye sufuria na robo kikombe cha maji ya moto, moto mdogo, funika dakika tatu, geuza mara moja, funika tena mpaka ipate moto mpaka katikati. Kamulia ndimu mpya, onja, na kama inahitaji chumvi ndipo uongeze.